Nyongeza za diski: tamthilia za zamani za sayansi ya kubuni, na kile kisichofika kwenye memori kadi yako

Ukipeleka memori kadi kwa kijana wa kuingiza muvi pale Kibiti mjini, utaulizwa maswali mawili. La kwanza, unataka zilizotafsiriwa au zisizotafsiriwa. La pili, kadi yako ina nafasi kiasi gani. Hakuna anayeuliza kama unataka na nyongeza, kwa sababu nyongeza hazipo. Zilishatupwa zamani, kabla muvi haijafika Kariakoo, na pengine kabla haijafika Dar es Salaam kabisa.

Katika makala haya tunaeleza nyongeza hizo ni nini, zilianzaje, na kwa nini watu wa nchi nyingine hununua tena na tena diski ya tamthilia ambayo wameshaiona mara kumi. Tumechagua tamthilia za sayansi ya kubuni, yaani hadithi za vyombo vya angani, safari za nyakati na viumbe wa sayari nyingine. Huko ndiko nyongeza zilikostawi kuliko mahali pengine. Tumechagua hasa mbili, Doctor Who ya Uingereza na Star Trek ya Marekani, na zote mbili zina mguu mmoja Afrika. Moja ina mhusika mwenye jina lililotokana na Kiswahili. Nyingine ilipoteza sehemu zake nyumbani kwao, na baadhi ya zilizookolewa zilikutwa kwenye ghala la kituo cha televisheni huku kwetu barani.

Nyongeza ni nini

Kwa maneno mepesi, nyongeza ni kila kitu kilichowekwa kwenye diski mbali na filamu yenyewe. Kuna mahojiano na waigizaji. Kuna picha za nyuma ya pazia, zinazoonyesha jinsi chombo cha angani kilivyotengenezwa kwa mbao na plastiki. Kuna vipande vilivyokatwa, makosa ya waigizaji yanayochekesha, picha za mnato, na maandishi yanayopita chini ya picha kukueleza kwamba mlango huo unaouona ulitumika pia katika hadithi ya mwaka uliotangulia. Na kuna kitu ambacho wapenzi hukithamini kuliko vyote: sauti ya pili. Ukiichagua, unaendelea kuona picha ileile, lakini badala ya mazungumzo ya wahusika unamsikia mwongozaji au mwigizaji akisimulia walivyoipiga.

Sauti hiyo ya pili ilianza mwaka 1984 nchini Marekani, kwenye diski kubwa za leza zilizokuwa na upana kama wa santuri ya muziki. Kampuni ya Criterion ilitoa filamu ya zamani ya King Kong, ya mwaka 1933, na mtaalamu wa filamu Ronald Haver akaketi akaielezea mwanzo hadi mwisho. Diski zile zilikuwa na njia za sauti zaidi ya moja, na filamu ya zamani ilihitaji njia moja tu. Nafasi ilikuwepo, wakaijaza. Hilo ndilo chimbuko la nyongeza nyingi: palikuwa na nafasi tupu.

DVD ilipokuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, nafasi iliongezeka. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na ile ya tabaka mbili hubeba GB 8.5. Inaweza kuwa na njia za sauti hadi 8 na maandishi ya chini ya aina hadi 32. Linganisha na VCD, ile ambayo wengi wetu tuliijua kwanza hapa nchini, inayobeba dakika 80 hivi za picha hafifu. Filamu za Kibongo zilipokuwa zinatoka kwa sehemu ya kwanza na ya pili, sababu mojawapo ilikuwa biashara, tunakubali, lakini VCD nayo haikuwa na nafasi. Nyongeza ya VCD ilikuwa matangazo ya filamu zinazokuja, basi.

Halafu zikaja zile diski za filamu nyingi kwa pamoja, kumi, ishirini, zenye sura ya nyota mmoja tu kwenye ganda. Hapo hesabu ni rahisi. Ukigawa GB 4.7 kwa filamu kumi, kila moja inapata chini ya MB 500. Ili ziingie, mtengenezaji anabana picha na kutupa kila kisicho cha lazima: mahojiano, sauti ya pili, maandishi, menyu. Kutoka kwenye diski hiyo filamu ikahamia kwenye fleshi, kutoka kwenye fleshi ikaenda kwenye memori kadi, na kila ilipohama ikabanwa tena. Kinachofika Mchukwi ni kiini kilichomenywa.

Sauti ya pili ya kwetu

Tusiseme hatukuwa na kitu. Mtu yeyote aliyekaa kibanda umiza anamjua mtafsiri. Huyu husimamisha mazungumzo ya Kichina au Kimarekani na kuweka sauti yake: anafasiri, anaeleza mhusika ni nani, anatabiri atakayekufa, anawapa majina ya kwetu, na anaongeza utani wa mtaani. Tanzania ilimpata Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilienea kwenye mikanda na diski kiasi kwamba kwa watu wengine jina lake likawa jina la kazi yenyewe. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na wenzake, na huko kazi hiyo imekuwa na heshima yake.

Kwa maoni yetu mtafsiri mzuri humsaidia mtazamaji kuliko mwongozaji anayekumbuka hali ya hewa ya siku ya kupiga picha. Lakini kuna tofauti moja ya kiufundi ambayo ni muhimu. Sauti ya pili ya kwenye diski ya kampuni imekaa kwenye njia yake: unaiwasha, unaizima, filamu inabaki nzima. Sauti ya mtafsiri wetu imechanganywa moja kwa moja na sauti ya filamu. Huwezi kuitoa. Nakala ya asili isipohifadhiwa mahali, sauti za waigizaji wenyewe zimekwenda, na kwa nakala hiyo hazirudi.

Hali hiyo ya kitu kwenda bila kurudi ndiyo iliyofanya diski za Doctor Who ziwe jinsi zilivyo.

Uingereza ilivyofuta tamthilia yake

Doctor Who ilianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Inamhusu msafiri anayeitwa Daktari, mwenye chombo cha kusafiria nyakati ambacho kwa nje kinaonekana kama kibanda cha simu cha polisi. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, aliposhindwa kuendelea mwaka 1966, waandishi walibuni kwamba Daktari anaweza kubadilika mwili. Akaingia Patrick Troughton. Ujanja huo umeiweka tamthilia hai hadi karne hii.

Katika miaka 6 ya mwanzo zilirushwa sehemu 253. Nyingi kati ya hizo zilifutwa baadaye na BBC wenyewe. Anayesikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni uzembe tu. Haikuwa hivyo kabisa. Kanda za video za wakati ule zilikuwa pana na za bei kubwa, na zingeweza kurekodiwa tena, kama sisi tulivyokuwa tukirekodi taarabu juu ya kaseti ya mahubiri. Mikataba na vyama vya waigizaji iliweka mipaka ya kurudia kipindi hewani. Televisheni ya rangi ilikuwa inaingia, na vipindi vya rangi nyeusi na nyeupe vilionekana vimepitwa. Na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu wa kawaida angenunua kipindi cha televisheni akaenda nacho nyumbani. Kwa hiyo kanda zikafutwa zikatumika tena.

Zilikuwepo nakala nyingine. Kwa ajili ya kuuza nje, BBC walikuwa wakizipiga sehemu hizo kwenye filamu ya milimita 16, kwa sababu vituo vya nchi nyingi vilikuwa na mashine za filamu na si za kanda za video. Haki za mauzo zilipokwisha, idara ya mauzo nayo ikaanza kutupa filamu hizo ili kupata nafasi. Mkono mmoja ulidhani mwingine unahifadhi. Hadi walipozinduka mwishoni mwa miaka ya 1970, hasara ilikuwa imeshatokea.

Kilichosalia, na kilisaliaje

Hapa ndipo nyongeza zinapopata uzito. Mtu anapotaka kutoa diski ya hadithi ambayo nusu yake haipo, hawezi tu kuweka picha na kufunga. Lazima aokoteze. Diski za Doctor Who zimejaa vitu vilivyookotezwa, na kila kimoja kina njia yake ya ajabu ya kusalimika.

Chukua wakaguzi wa Australia. Kabla ya kurusha hadithi hizo, waliwaza kuhusu watoto na kukata vipande vya kutisha: mtu ananyongwa, mtu anazama, kiumbe anaua. Vipande hivyo viliwekwa kwenye kumbukumbu za serikali kama ushahidi wa kazi iliyofanyika. Filamu nzima zikapotea, vipande vilivyokatwa vikabaki. Viligunduliwa mwaka 1996. Kwa hiyo leo kuna hadithi ambazo picha zinazotembea zilizosalia ni zilezile ambazo mkaguzi hakutaka mtu azione.

Chukua tena tukio la Daktari wa kwanza kubadilika kuwa wa pili, mwisho wa hadithi ya The Tenth Planet. Sehemu yenyewe haikubaki kwa BBC. Sekunde za kubadilika zipo kwa sababu kipindi cha watoto, Blue Peter, kilizionyesha kama kionjo mwaka 1973, na kipindi hicho cha watoto kilihifadhiwa.

Kulikuwa pia na bwana mmoja wa London, John Cura, ambaye biashara yake ilikuwa kupiga picha za mnato za kioo cha televisheni wakati kipindi kiko hewani. Waigizaji na waongozaji walizinunua ili wawe na kumbukumbu ya kazi zao, maana hakukuwa na deki. Kwa kila sehemu alipiga makumi ya picha. Kwa sehemu nyingi zilizopotea, picha hizo ndizo zinazotuonyesha nani alisimama wapi na alivaa nini.

Na sauti? Wasikilizaji wetu, hili tunalipenda kuliko yote. Sauti za sehemu zote zilizopotea zipo. Hazikuhifadhiwa na shirika. Zilirekodiwa majumbani na vijana waliokuwa na redio za kanda, waliokaa mbele ya televisheni Jumamosi jioni na kuwaambia mama na wadogo zao wanyamaze. Wengine waliweka kipaza sauti mbele ya spika. Mwingine alijifunza kuunganisha waya moja kwa moja kwenye televisheni, na sauti yake imetoka safi kuliko za wenzake. Hawakujua kwamba wanafanya kazi ya makumbusho. Walitaka tu kuisikia tena hadithi usiku.

Kwa sauti hizo na picha za Cura, watengenezaji wa diski wamefanya mambo mawili. Kwanza ni kupanga picha za mnato zikifuata sauti, kama simulizi la kwenye gazeti linalosomwa kwa sauti. Pili ni kuchora katuni. Mwaka 2006 diski ya The Invasion ilitoka ikiwa na sehemu mbili za katuni kuziba mapengo, na mwaka 2016 hadithi nzima ya The Power of the Daleks ilichorwa upya, sehemu zote 6. Wapo wanaozipenda na wapo wanaosema katuni haina uso wa Troughton. Sisi tuko upande wa kati: bila katuni, mtoto wa leo hasikilizi sauti tupu kwa saa mbili na nusu. Lakini diski nzuri inakupa vyote, uchague mwenyewe.

Rangi nazo zina kisa chake. Baadhi ya sehemu za mwanzo wa miaka ya 1970 zilirushwa kwa rangi, lakini zikabaki kwenye filamu nyeusi na nyeupe tu. Kwa hadithi ya The Daemons, wataalamu walichukua rangi kutoka kwenye mkanda hafifu ambao mtazamaji wa Marekani alikuwa amerekodi nyumbani kwake, wakaivika kwenye picha nyeusi na nyeupe iliyo kali. Kwa nyingine hapakuwa na mkanda wowote. Ikaja kugundulika kwamba ishara ya rangi ilikuwa imeacha vitone vidogo mno kwenye filamu, jicho haliwezi kuvitafsiri, na kompyuta ikafundishwa kuvisoma ili kujua shati lilikuwa la kijani au la bluu.

Ghala la Jos

Filamu za milimita 16 zilisafiri mbali. Kenya, iliyoanza televisheni mwaka 1962, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Uganda pia, iliyoanza mwaka 1963. Zambia, Ethiopia, Nigeria, na nyingine. Kwa kawaida kituo kikishamaliza kurusha kilitakiwa kurudisha filamu, kuziharibu, au kuzituma kwa kituo kinachofuata kwenye foleni. Kwa hiyo kopo lilelile la filamu lingeweza kuonekana nchi mbili tatu kabla ya kuishia mahali.

Tanzania Bara haikuwa kwenye foleni hiyo. Televisheni ilikuja kwetu mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha Dar es Salaam. Zanzibar walitangulia kwa miaka 20, tena kwa rangi tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana babu zetu wa huku Rufiji wanakumbuka sauti za redio na si nyuso za televisheni.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mtafutaji kutoka Uingereza, Philip Morris, amekuta sehemu 9 zilizopotea katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Makopo yalikuwa yamekaa rafuni miaka mingi, na hali ya hewa ya Jos, mji wa milimani wenye baridi na ukavu kiasi, bila shaka iliyasaidia. Filamu ingekaa miaka hiyo yote kwenye chumba cha Nyamisati chenye upepo wa chumvi, tusingekuwa na habari ya kuandika. Sehemu 5 zilikuwa za The Enemy of the World, ambamo Troughton anaigiza watu wawili, Daktari na dikteta anayefanana naye. Sehemu 4 zilikuwa za The Web of Fear, hadithi ya majitu yenye manyoya ndani ya reli ya chini ya ardhi ya London. Baada ya ugunduzi huo zilibaki sehemu 97 ambazo hazijulikani zilipo.

Sehemu ya tatu ya The Web of Fear haikufika London pamoja na nyingine. Diski ilipotoka mwaka 2014, pengo hilo lilizibwa kwa sauti ya nyumbani na picha za mnato, na mwaka 2021 likazibwa kwa katuni. Jambo la kuchekesha ni kwamba diski ya kwanza ya The Enemy of the World ilitoka kwa haraka mno, karibu bila nyongeza yoyote. Watu walikuwa wamesubiri miaka 45 kuona hadithi yenyewe, nyongeza ikawa si hoja. Toleo lenye mahojiano na maelezo ya sauti lilikuja mwaka 2018, na wengi walewale wakanunua tena.

Ugunduzi wa Jos haukuwa wa kwanza. Mwaka 1992 hadithi nzima ya The Tomb of the Cybermen ilirudi kutoka Hong Kong. Mwaka 1999 sehemu moja ilipatikana New Zealand. Kwa kifupi, nyumba ilitupa na majirani wakatunza, mara nyingi bila kujua.

Bibi Uhura na Kiswahili cha angani

Star Trek ya kwanza ilirushwa Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi 1969, sehemu 79. Hii haikufutwa, kwa kuwa ilipigwa kwenye filamu tangu mwanzo. Kwa hiyo nyongeza zake ni za namna nyingine. Hazitafuti kilichopotea, zinaeleza kilichotokea nyuma ya kamera.

Kati ya maofisa wa chombo cha Enterprise alikuwemo mwanamke Mweusi, afisa wa mawasiliano, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Katika mahojiano yake Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu mkononi kinachoitwa Uhuru, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark inayohusu Kenya. Mtengenezaji wa tamthilia, Gene Roddenberry, akavutiwa na neno hilo. Herufi ya mwisho ikabadilishwa ili jina lisikike la kike kwa masikio ya Kimarekani, likawa Uhura. Katika hadithi, Uhura ni Mwafrika na Kiswahili ni lugha yake.

Nayo inasikika. Katika The Man Trap, sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, kiumbe anayebadilika sura anamjia Uhura kwa umbo la mwanaume Mweusi na kumsemesha Kiswahili. Katika The Changeling ya mwaka 1967, Uhura anafutwa kumbukumbu na mashine, na anapofundishwa kusoma upya anaghafirika, Kiswahili kinamtoka. Lafudhi si ya Kibiti wala ya Unguja, tuseme ukweli. Lakini ilikuwa miaka mitatu tangu Kenya ipate uhuru na mitano tangu Tanganyika ipate, na lugha yetu ilikuwa inasemwa kwenye televisheni ya Marekani kama lugha ya watu wa karne zijazo.

Mambo haya ungeyajua wapi? Kwenye nyongeza. Mtu anayetazama sehemu hizo bila mahojiano anasikia maneno ya kigeni na kupita. Kwenye mahojiano Nichols alieleza pia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi, na Martin Luther King Jr. alipokutana naye akamsihi abaki, kwa sababu ilikuwa nafasi adimu ya watu Weusi kuonekana kwa heshima. Akabaki. Mwaka 1977 alianza kazi ya kulihamasisha shirika la anga la NASA lipate waombaji wanawake na watu Weusi. Miongoni mwa wanaanga waliopokelewa mwaka uliofuata walikuwemo Sally Ride na Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza kufika angani. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022. Alichokisema mwenyewe, kwa sauti yake, kimebaki kwenye diski hizo.

Nyongeza nyingine mbili za Star Trek zinafaa kutajwa haraka. Billy Blackburn, aliyekuwa mwigizaji wa pembeni asiyekuwa na maneno mengi, alikuwa akija kazini na kamera yake ndogo ya milimita 8, na picha zake za wenzake wakicheka kati ya kazi ziliwekwa kwenye matoleo ya baadaye. Na toleo la Blu-ray la mwaka 2009 linakuruhusu kubonyeza na kuchagua: uone vyombo vya angani vya zamani vilivyochongwa kwa mkono, au vipya vilivyochorwa kwa kompyuta. Tunapendekeza vya zamani.

Kwenye simu yako

Usikate tamaa kwamba huna DVD. Wakati mwingine sauti ya pili imo kwenye faili lako na hujui. Faili linaloishia na herufi MKV linaweza kubeba njia kadhaa za sauti na maandishi ya chini. La MP4 linaweza pia, ingawa mara nyingi limeshamenywa. Programu ya VLC ni ya bure. Fungua muvi, gusa kioo, kisha gusa alama ya puto la maneno. Ukiona orodha ya sauti ina mstari zaidi ya mmoja, jaribu wa pili. Ukikuta mtu anazungumza bila kufuata midomo ya wahusika, umepata maelezo ya sauti. Au umepata Kirusi.

Mahojiano mengi mafupi yapo pia YouTube. Saa moja kwa ubora wa kati hula mamia ya MB za bando, kwa hiyo shusha ubora hadi wa chini kabisa. Kwa mtu anayezungumza kwenye kiti, sauti ndiyo unayoitaka.

Kaseti zilizo kabatini

Mara kwa mara wasikilizaji hutuuliza kama tuna kipindi fulani cha zamani. Maktaba kubwa ya kanda nchini ni ile iliyokuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sasa iko TBC, yenye nyimbo za bendi kama NUTA Jazz na Western Jazz. Lakini si kila kipindi cha kila kituo kilitunzwa, na redio ndogo hazikuwa na maktaba. Kilichosalia huenda kiko kwenu: kaseti aliyorekodi baba kutoka redioni, ngoma ya harusi ya Salale, hotuba ya mzee wa kijiji, sauti ya bibi akisimulia hadithi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliondoka na vitu vingi vya majumbani katika Rufiji na Kibiti, na kaseti hazihimili maji ya tope.

Kama unayo kaseti ya namna hiyo, fanya hivi. Vunja vijipande viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Irudishe hadi mwanzo, iweke wima ndani ya kasha lake, mbali na jua, mbali na spika kubwa ambayo ina sumaku. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiipige, maana ukungu utahamia kwenye redio na kwenye kaseti nyingine. Mtafute fundi kwanza.

Iliyo safi ipige kwenye redio nzuri, simu ikiwa karibu na spika, chumba kikiwa kimya na simu ikiwa haipokei miito. Mwenye kompyuta na waya wa kutoka kwenye tundu la vipokea sauti atapata sauti bora zaidi. Rekodi upande mzima bila kukata, hata pale ambapo mtu anakohoa au jogoo anawika. Ukimaliza, kabla hujazima, sema kwa sauti yako: hii ni kaseti ya nani, ilirekodiwa wapi, mwaka gani unavyokumbuka, na nani wanaosikika. Kisha nakili faili mahali pawili, kwenye kadi yako na kwa ndugu anayeishi wilaya nyingine. Upande wa dakika 45 kwa sauti ya kawaida ya MP3 huchukua MB 43 hivi, kwa hiyo kaseti nzima haifiki MB 90, na kadi ya GB 8 inameza kaseti zaidi ya 80.